Siku Mama Birika Alipochemsha

Wanafunzi ndio waliompa jina hilo la Mama Birika, na wala hawakulitoa mbali. Ukipita nyuma ya jengo la fizikia, mlango wa mwisho kabla ya vyoo, ule uliokuwa stoo ya viti vibovu, ungemkuta humo kila anapopata mwanya: amepiga magoti mbele ya jiko la umeme, masikioni kavaa hedifoni kubwa kama za watangazaji wa redio, sufuria ndiyo kwanza inaanza kupata moto, na yeye kafumba macho. Anasikiliza maji. Basi. Ndiyo kazi yake, jamani, na alikuwa na shahada tatu za kuifanya.

Maana maji, kama hujawahi kuyatilia maanani, hulia kabla hayajachemka. Kwanza kimya, halafu yanaanza kuvuma, halafu yanapiga kelele kana kwamba yana ugomvi na mtu, na yakishachemka hasa yanatulia, yanabaki kutokota kistaarabu. Mpishi yeyote anajua hilo. Ila mwulize ni kwa nini, atakwambia utoke jikoni kwake. Mama Birika alikuwa anajua sehemu ya jibu. Viputo vya mvuke huzaliwa chini penye moto, hupanda, hukutana na maji ambayo hayajapata moto sawasawa, na hapohapo hubonyea ghafla; kila kimoja kikibonyea kinatoa mlio. Sehemu iliyobaki ndiyo iliyomnyima raha tangu yuko msichana. Kwa nini sufuria mbili zilizotoka duka moja hazilii sauti moja? Kwa nini leo inalia hivi na kesho vile? Watu wa pampu na pangaboi za meli wanavijua sana viputo vya namna hiyo, maana hutafuna chuma, na kila alipoomba vifaa Mama Birika alikuwa akizitaja pampu hizo kwa heshima zote. Lakini mwulize pembeni, angekwambia ukweli wake: pampu hazikuwahi kumkosesha usingizi. Alitaka kujua, ndiyo hivyo tu.

Wifi yake, dada wa mumewe, mshona nguo mwenye ulimi usiolala, hilo lilimshinda kabisa.

"Wifi, hivi miaka yote ile uliyokaa darasani ulikuwa unasomea kuchemsha maji? Mbona mimi nachemsha bila cheti?"

"Wewe unachemsha, wifi. Mimi nasikiliza."

"Haya. Yakishakwambia yanataka nini, utuambie na sisi."

Sasa chuoni kuna walimu wa aina mbili, na mtu asikudanganye kwamba tofauti yao ni elimu. Kuna wenye ajira ya kudumu na kuna wa mkataba. Wa kwanza akiamka anajiuliza, leo nitafiti nini? Wa pili akiamka anajiuliza, mwaka kesho nitakuwepo? Mama Birika alikuwa wa pili, tena mkongwe wao, amekalia kuti kavu mpaka amelizoea. Asubuhi anafundisha mwaka wa kwanza, yale madarasa yenye watu hadi madirishani ambayo wakubwa hawayataki. Mchana ni mali ya mradi wa betri wa mkuu wa idara: anapima alichoambiwa apime, na makala ikitoka jina lake linakaa mkiani, nyuma ya watu ambao hata mlango wa maabara hawaujui unafungukia upande gani. Stoo yake ilikuwa ya saa za chakula na Jumamosi. Kuuliza swali lake mwenyewe ilibidi aibe muda, mtu mzima, mama wa watu, mwenye kibali cha serikali cha kuitwa daktari.

Nyumba nayo ilikuwa ya chuo, unakaa maadamu mkataba upo. Mumewe alikuwa seremala, na si wa kubahatisha. Makabati yake yako kwenye nyumba za watu wenye majina. Kwake je? Ukutani hapakuwa na hata msumari. Vitabu kwenye maboksi, sahani kwenye maboksi, nguo za binti yao kwenye boksi lililoandikwa sabuni. "Sitoboi ukuta wa watu," alikuwa akisema kila alipoulizwa. "Leo tupo, kesho tunaambiwa tupishe." Binti yao alikua akiamini kwamba familia zote hutoa vikombe kwenye boksi wageni wakija.

Halafu ile nafasi ikatangazwa.

Moja tu, fizikia, ajira ya kudumu. Tangazo lilibandikwa ubaoni karibu na ofisi ya mkuu, na chini kabisa palikuwa na maneno ambayo Mama Birika aliyasoma huku midomo ikimcheza, mithili ya mtoto anayejifunza kusoma: atakayeajiriwa atakuwa na uhuru wa kuchagua mada yake ya utafiti. Alisimama pale mpaka wanafunzi wakaanza kumzunguka ili wapite. Uhuru wa kuchagua. Yaani mchana, kwenye mwanga, mlango ukiwa wazi, na mtu akipita akiuliza unafanya nini, unajibu bila kujikunja.

Mkuu wa idara akamwita. Alikuwa mtu mwema, mkuu yule, nalisema mapema kwa sababu yanayokuja yanaweza kumchafua bure. Alimfundisha Mama Birika alipokuwa mwanafunzi na hakuwahi kumsahau.

"Dokta," akasema, "hii nafasi ni yako ukiitaka. Kwenye betri utaniachia pengo, lakini nitajua la kufanya. Una tatizo moja tu."

"Lipi, mkuu?"

"Mdomo. Ukiulizwa kitu unasema sijui."

"Na kama sijui?"

"Si ndiyo hilo!" Akapiga meza mpaka kalamu ikaruka. "Sikiliza. Humu ndani tunaelewana. Mwanafizikia akisema sijui, tunajua kashafikiri mpaka mwisho wa kamba. Lakini kwenye jopo kuna Bwana Mipango, yule afisa mipango wa chuo. Bwana Mipango akisikia sijui, anaandika: hakujiandaa. Mara ile ya kwanza ulipoomba nafasi walikuuliza utafiti wako utakuwa umezaa nini baada ya miaka mitatu. Ukawajibu nini?"

"Kwamba ningekuwa najua, nisingetafiti."

"Walicheka?"

"Hawakucheka."

"Basi," akasema mkuu. "Nenda kafanye mazoezi."

Na mazoezi yakafanyika, tena ya nguvu. Sebuleni, katikati ya maboksi, mumewe alikaa nyuma ya meza ndefu akiwa Bwana Mipango, kavaa miwani ya dada yake iliyomteremka puani, na wifi kakaa pembeni na futi yake ya kushonea kama hakimu. Sheria ilikuwa moja: kila sijui moja, Mama Birika anaosha sufuria moja. Jioni ya kwanza aliosha sufuria zote za nyumbani na mbili za jirani.

"Mgombea," mumewe aliuliza kwa sauti ya puani, "utafiti wako utalinufaishaje taifa?"

"Inategemea. Bado si..."

"Sufuria!" wifi akapiga kelele.

"Sijamaliza! Nilitaka kusema bado si wakati!"

"Mwongo huyo. Sufuria."

Walicheka mpaka binti akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Lakini ilisaidia. Kufikia mwisho wa wiki ulimi wa Mama Birika ulikuwa umenyooka. Bila shaka. Kwa hakika. Matokeo yanayotarajiwa. Ukimwuliza saa ngapi, anakujibu kwa uhakika hata kama hana saa. Mumewe akamwangalia akasema, "Sasa umeiva," na yeye akafurahi, ingawa ndani kwa ndani alijiona amevaa nguo ya kuazima.

Usaili ulifanyika kwenye chumba cha mikutano cha utawala, chenye zulia na meza inayong'aa hadi unajiona kidevu. Walikaa watano: naibu mkuu wa chuo akiwa mwenyekiti, Bwana Mipango na mafaili yake, mkuu wa idara, mzee mmoja wa baraza aliyekuwa akisinzia kwa adabu, na profesa mgeni, mstaafu wa chuo kingine, mama mmoja mfupi mwenye mvi, aliyeitwa kwa sababu ndiye pekee mwingine aliyewahi kuandika juu ya viputo. Profesa mgeni alikuwa akimumunya pipi na hakusema neno.

Bwana Mipango akauliza, Mama Birika akajibu. Miaka mitatu? Hii hapa. Manufaa? Haya hapa, moja, mbili, tatu, pampu, mabomba, viwanda. Bwana Mipango alianza kuandika kwa kasi ya mtu aliyependa anachokisikia. Mkuu wa idara alikaa wima kwa fahari. Ndipo profesa mgeni akahamisha pipi upande wa pili wa shavu.

"Mimi nina swali dogo," akasema. "Maji yakichemshwa, yakapoa, yakachemshwa tena, hulia vilevile?"

Mama Birika akafungua mdomo kujibu kwa uhakika, kama alivyozoezwa.

Hakujua. Na sababu ya kutojua, mtacheka, ilikuwa ni umakini wake mwenyewe. Miaka yote, kila jaribio, alimwaga maji ya zamani na kuteka mapya bombani, ili asiharibu vipimo. Ilikuwa sheria yake ya kwanza na aliwafundisha hata wanafunzi: maji mapya kila mara. Maji yaliyochemka mara moja hakuwahi kuyasikiliza hata siku moja. Swali la mtoto, swali ambalo mtu yeyote anayepasha maji ya chai iliyopoa angeweza kuuliza, na yeye bingwa wa maji hakuwahi kuliuliza.

Neno lilikuwa pale ulimini. Akamwona Bwana Mipango kashika kalamu. Akamwona mkuu anamkazia macho.

"Hulia kwa sauti ya chini zaidi," akasema Mama Birika. "Bila shaka yoyote. Hewa iliyokuwa ndani ya maji inakuwa imeshatoka, kwa hiyo viputo hupungua na mlio nao hufifia. Ni msingi muhimu sana wa mpango wangu."

Ilitoka laini kama siagi. Bwana Mipango akaiandika yote. Profesa mgeni akasema "Aa," akaitafuna pipi yake.

Siku iliyofuata mkuu alimpigia simu mchana, akashindwa hata kusubiri salamu iishe. "Mambo yameiva, Dokta! Usimwambie mtu. Alhamisi ya wiki ijayo jopo linakaa mara ya pili, unaitwa, wanasoma taarifa, wanakupongeza, unasaini. Utaratibu tu." Usimwambie mtu, kumbe yeye mwenyewe alikuwa ameshamwambia katibu muhtasi, na katibu muhtasi akiambiwa kitu ni sawa na kubandikwa ubaoni. Jioni wifi aliingia na vigelegele kutokea getini. Mumewe hakusema mengi. Alikwenda karakana, akarudi na drili na kabati la vitabu alilokuwa amelitengeneza zamani sana, bila kumwonyesha mtu, akalificha nyuma ya mbao. Kumbe alikuwa nalo siku zote. Mama Birika aliligusa, akalia, akasema ni vumbi.

Ila kulikuwa na kitu kinamkwaruza. Jumamosi akaenda stoo, akachemsha maji, akayaacha yapoe, akaosha mikono, akapanga makaratasi ambayo hayakuhitaji kupangwa, kisha akavaa hedifoni na kuwasha jiko tena.

Maji yalilia. Weee! Yalilia kwa ukali, kelele za kukatakata, kubwa kuliko za mwanzo. Alidhani kakosea kifaa. Akabadilisha sufuria. Nyingine ikalia zaidi, nyingine vilevile, nyingine ikaanza kwa ukali ikatulia, lakini hakuna hata moja iliyofifia kama alivyosema. Na unajua alifanya nini? Alicheka. Alisahau kila kitu, alisahau jopo na kabati, akapiga kofi sakafuni kwa furaha, maana maji yalikuwa yamefanya jambo ambalo hakulitegemea, na kwa mtu wa namna yake hakuna raha inayozidi hiyo. Alichemsha tena na tena. Furaha ilidumu mpaka alipofikia kuandika matokeo, ndipo ikamjia kwamba mbele ya watu watano alikuwa ameapa kinyume chake.

Alipofika nyumbani mumewe alikuwa juu ya ngazi, ukuta umeshatobolewa, unga mweupe umemjaa nywele. Wifi alikuwa chini ameshika skrubu. Mama Birika akawaeleza vilevile alivyosimama, mkoba begani.

"Nani anajua?" mumewe akauliza.

"Mimi."

"Na maji," wifi akasema.

"Maji hayapigi kura," mumewe akajibu, lakini hakutabasamu. Akashuka, akakaa kwenye ngazi ya chini. "Sikiliza, mama. Uliiba?"

"Hapana."

"Ulimdhulumu mtu?"

"Hapana. Nilibahatisha, nikakosea."

"Basi umebahatisha ukakosea. Ukishapata kazi utakuwa na miaka yote ya kurekebisha. Utawaambia taratibu. Mimi nakuomba kitu kimoja, sijawahi kukuomba. Alhamisi nyamaza. Niache nimalize kugongelea hili kabati."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma. Mtu huyu alikuwa amehamisha maboksi yake kila walipohamishwa, hakunung'unika. "Sawa," Mama Birika akasema. Na alimaanisha. Asije mtu akasema alikwenda Alhamisi na ushujaa moyoni. Alikwenda kunyamaza, na njiani alikuwa akijifunza kunyamaza kama alivyojifunza ile bila shaka.

Chumba kilekile, zulia lilelile. Safari hii palikuwa na chai na nyuso za kirafiki. Naibu akavaa miwani, akasoma taarifa kwa sauti. Jopo limeridhishwa. Mgombea ana uzoefu. Mama Birika alitikisa kichwa mahali panapotakiwa. Kisha naibu akafungua ukurasa wa pili.

"Jopo limevutiwa hasa na ugunduzi wa mgombea kwamba maji yaliyochemshwa awali hutoa sauti hafifu. Kwa kuwa mgombea amethibitisha kwamba huo ndio msingi wa mpango wake, jopo linapendekeza kwamba miaka yake mitatu ya kwanza aitumie kuuendeleza ugunduzi huo." Akainua uso, akatabasamu. "Unaona? Hatujakubana hata kidogo. Mada ni ya kwako mwenyewe."

Mama Birika aliona mbele yake miaka mitatu ya kutafuta kitu ambacho hakipo. Kila mwezi ataulizwa umefikia wapi, na itabidi ajibu kwa hakika. Uhuru wote ule wa kwenye tangazo, na wa kwanza kujifunga ulikuwa ulimi wake mwenyewe.

"Una la kuongeza kabla hujasaini?" naibu akauliza. Ilikuwa ni kumalizia tu.

"Hapana," akasema Mama Birika. Akachukua kalamu. Kisha akaiweka. "Ndiyo. Lile jibu nililitunga."

Mzee wa baraza akaamka.

"Samahani?" akasema Bwana Mipango.

"Profesa aliponiuliza nilikuwa sijui. Niliona aibu, nikatunga. Jumamosi nimejaribu, na si kweli. Hayafifii. Mara nyingi yanazidi kulia."

Bwana Mipango alipekua mafaili yake akitafuta mahali alipoandika. "Kwa hiyo sasa unalo jibu sahihi. Tubadilishe tu sentensi. Yanazidi. Kwa sababu gani?"

Na huyu Bwana Mipango, mtu wa watu, alikuwa anampa kamba ya kujiokolea. Angesema chochote. Mkuu wa idara alikuwa anamwomba kwa macho, karibu apige magoti.

"Sijui," akasema Mama Birika. "Sufuria moja hivi, nyingine vile. Kusema kweli, sasa sijui zaidi kuliko mwanzo."

Mkuu wa idara akafunika uso kwa viganja.

Akaambiwa asubiri nje. Kwenye korido katibu muhtasi alimvutia kiti, akamtazama kwa huruma, wala hakuona aibu kwamba alikuwa akisikiliza mlangoni.

"Mama," akasema, "pole. Lakini leo umechemsha."

"Nimechemsha," akakubali Mama Birika, na wote wawili wakaangua kicheko kile cha msibani, cha kuziba mdomo. Kisha kikaisha, naye akabaki anaangalia viatu vyake. Alimfikiria mumewe juu ya ngazi.

Walikaa sana kule ndani. Mkuu ndiye aliyetoka wa kwanza, tai imelegea, akasimama mbele yake. "Nimekupigania, Dokta," akasema. "Naibu anasema hawezi kumpeleka mbele ya baraza mtu aliyekiri kwamba alitunga majibu kwenye usaili. Bwana Mipango naye kasema vivyo hivyo. Mzee kawafuata. Na mimi..." Akaikaza tai yake. "Mimi ni mkuu wa idara. Ningebaki peke yangu na yule mgeni. Nimekwenda nao." Akamwahidi mkataba wa mwaka mwingine, na kazi kwenye betri kama kawaida. Akaondoka haraka, na mabega yake yalionyesha kwamba amejichukia.

Profesa mgeni alitoka wa mwisho, anatafuta pipi kwenye mkoba.

"Shikamoo, Profesa," Mama Birika akasema, akainuka.

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Yeye mwenyewe hakukaa. "Lile jibu lako nilijua umelitunga ukiwa bado unalisema. Mimi nimewahi kuyachemsha hayo maji. Wiki ile wote walikukubali, nikakukataa mimi peke yangu, wakaniona mzee mkorofi. Leo wote wamekukataa, na aliyesema ndiyo ni mimi peke yangu. Ndivyo tulivyopishana." Akampa pipi moja. "Kwa nini yanazidi kulia, na mimi sijui. Nimehangaika nalo mpaka nikastaafu."

Akaenda zake. Hakumwahidi kitu, na hakuwa na kitu cha kuahidi. Vyuo vyote ni vilevile.

Mama Birika hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakana, maana jambo hili hakutaka mumewe alisikie kwa wifi. Alimkuta akipiga randa ubao mrefu wa mlango, maranda yamemfika miguuni. Akamweleza yote, hakuficha la kalamu wala la sijui. Mumewe hakuacha kupiga randa mpaka mkewe alipomaliza.

"Nilikuomba," akasema.

"Uliniomba."

"Kitu kimoja tu nilikuomba."

"Najua. Nilikwenda kunyamaza, wallahi. Nimeshindwa. Nimetuponza, nimekuponza wewe na mtoto, na imeniuma, na bado nimeshindwa."

Akatupa randa juu ya meza. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, naye Mama Birika aliipokea yote. Alisema juu ya maboksi. Alisema juu ya mtoto. Alisema juu ya watu wasiojua kusoma hata lebo ya betri lakini wana ofisi zenye majina yao mlangoni, kwa kuwa wanajua kufunga midomo. Alisema mpaka pumzi ikamwishia, akajifuta uso kwa mkono, akakaa kwenye rundo la mbao.

"Yule mama mgeni," akauliza baadaye, "ndiye anayeyajua hayo maji?"

"Ndiye. Wengine hawajui lolote."

"Na wiki iliyopita ndiye aliyekukataa?"

"Peke yake."

"Ungenyamaza, angekuwa anakuonaje? Mpaka kufa kwake?"

Mama Birika alifikiri. Hakutaka kubahatisha tena. "Tapeli," akasema.

Kule nje mtu alipita na mkokoteni. Mumewe akainuka, akaichukua randa, akaipuliza, akairudisha kwenye ubao na kusukuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

"Mke wangu si tapeli," akasema, kwa ukali, kama anamjibu mtu aliyekuwa amesimama mlangoni.

Mama Birika akakaa pale aliponyanyuka mumewe, akalia waziwazi, na safari hii hakusema ni vumbi. Mumewe alimwacha alie. Ubao ulikuwa na miadi ya kesho, naye aliendelea kuupiga randa mpaka ukanyooka.